Redio ya Becker kwenye Mercedes ya 1990 inadai namba ya siri kila asubuhi: je, niing'oe?

Msomaji wa Moshi ameandika: "Mtaalamu, shikamoo. Nina Mercedes-Benz 230 E ya mwaka 1990, usukani wa kulia, niliyoinunua kwa mzee mmoja mstaafu hapa Moshi. Redio yake ni ileile iliyokuja nayo kutoka kiwandani, Becker Grand Prix ya kaseti. Tangu tubadilishe betri, kila asubuhi inaandika CODE. Naingiza namba iliyo kwenye kadi, inakubali, na kesho yake inauliza tena. Nikiiacha itafute stesheni yenyewe inazunguka bila kusimama, na nikitafuta kwa mkono napata mbili tatu zenye mkoromo. Mota ya antena kule nyuma inanguruma lakini antena haipandi mpaka mwisho. Spika ya mbele kushoto imekufa, na nikiongeza sauti kunasikika mkwaruzo. Mara nyingine, kwenye barabara mbovu, inazima kabisa kisha inarudi. Fundi mmoja ameniambia niitupe aniwekee redio ya Android yenye skrini kubwa. Je, inafaa kuhangaika nayo, na kama inafaa, nianzie wapi?"

Marahaba, ndugu yangu. Usiitupe, walau si kabla ya kupima. Katika yote uliyoyaeleza hakuna hata dalili moja kubwa ambayo peke yake inathibitisha kwamba redio imeharibika. Karibu zote zinaweza kutokana na mambo yaliyo nje ya kasha lake, yaani betri, fyuzi, ethi (njia ya kurudisha umeme kwenye bodi ya gari), antena na spika, na huko kuzunguka bila kusimama kwenye stesheni huenda kukawa ni kitufe kimoja tu kilichobonyezwa na mtu asiyejua kazi yake. Mkwaruzo wa sauti ndio peke yake ninaouhesabu kuwa umo ndani ya redio, na hiyo ni kazi ndogo. Mafundi wengi huilaumu redio kwa sababu ndiyo inayoonekana na kusikika, ilhali yenyewe inapokea tu umeme na mawimbi inayoletewa. Kwa hiyo naomba tufuate mpangilio huu: umeme kwanza, antena baada yake, spika zifuate, na kasha la redio lifunguliwe mwisho kabisa, baada ya hayo mengine kuthibitishwa kwa mita.

Kabla ya kugusa chochote, ipige picha hiyo kadi yenye namba ya siri na uihifadhi zaidi ya mahali pamoja, kwa sababu kila mara betri itakapochomolewa utaihitaji. Redio ikitolewa, nakili pia namba ya utambulisho iliyobandikwa au kuchongwa kwenye kasha lake, kwani kadi ikipotea, hiyo ndiyo itakayotumiwa kuitafuta upya namba ya siri kwa wakala wa magari haya au kwa mafundi wa Becker. Tena, usimruhusu mtu akisie. Redio hizi, zikiingiziwa namba isiyo sahihi mara kadhaa, hujifunga na kuandika WAIT, na wakati huo dawa ni kuiacha ikiwa imewashwa bila kuigusa mpaka muda wa adhabu uishe, jambo linaloweza kuchukua saa nzima au zaidi.

Sasa tuje kwenye hilo la kila asubuhi. Redio ya aina hii hupata umeme kwa njia mbili tofauti: waya mmoja hutoka kwenye betri moja kwa moja na kubaki na umeme usiku na mchana, ambao ndio unaotunza kumbukumbu ya stesheni na namba ya siri, na waya wa pili hupata umeme pale tu ufunguo unapowashwa. Redio inapouliza namba ya siri, maana yake ni kwamba ule waya wa kudumu ulikosa umeme kwa wakati fulani. Haina njia ya kujua kama ni mwizi aliyeichomoa au ni wewe uliyebadilisha betri; inachojua ni kwamba ilizimika. Basi swali letu ni lini hasa umeme huo unapotea, na hilo unaweza kulijua mwenyewe bila kifaa chochote.

Jioni ukishaegesha gari, zima redio, toa ufunguo, subiri dakika tano, kisha urudishe ufunguo na kuiwasha redio bila kuwasha injini. Ikiuliza namba hapohapo, waya wa kudumu hauna umeme kabisa, au umebadilishana nafasi na ule wa ufunguo. Isipouliza, iache ilale, na asubuhi fanya vilevile, redio kwanza kabla ya injini. Ikiwa inauliza hata kabla injini haijazungushwa, umeme umekatika usiku. Ikiwa haiulizi, lakini ukishawasha injini inauliza, basi tatizo ni betri au vichwa vyake, kwa sababu stata inapovuta umeme mwingi volti hushuka kiasi cha redio kudhani kwamba imechomolewa. Betri mpya nayo isikudanganye, kwani kibano cha betri kilicholegea au chenye ukungu mweupe hutoa matokeo yaleyale.

Hapo kwenye umeme kukatika usiku niongeze jambo linalojulikana sana mitaani kwetu lakini halimo katika kitabu chochote cha Mercedes. Magari mengi ya umri huu yamefungwa swichi ya siri ya kukata betri ili kuzuia wizi, na wamiliki wengine, au walinzi wao, hulegeza kibano cha hasi kila jioni ili betri isiishe. Muulize huyo mzee mstaafu kama alifunga swichi ya namna hiyo, na umuulize anayelilaza gari lako kama ana desturi hiyo. Ikiwa jibu ni ndiyo, redio yako ni nzima na inafanya kazi yake sawasawa. Kinachotakiwa ni kuutoa waya wa kudumu wa redio kabla ya swichi hiyo, kwa fyuzi yake yenyewe, au kuacha kabisa kuikata betri.

Iwapo hakuna swichi wala desturi hiyo, ndipo tutoe redio. Redio hizi hazifungwi kwa skrubu mbele. Zina matundu membamba ya kuingizia funguo maalumu, ambazo ni vibapa vya chuma chembamba vyenye pengo la kunasia. Fundi mwenye subira anaweza kuvichonga kutokana na kipande cha chuma chembamba kigumu. Viingizwe mpaka visikike vikinasa, kisha redio ivutwe polepole pande zote mbili kwa pamoja. Anayekuja na bisibisi kuichokonoa pembeni mwambie aiweke chini, kwa sababu atavunja fremu ya plastiki na kukwaruza mbao za dashibodi, na vitu hivyo ni vigumu kuvipata kuliko redio yenyewe.

Ukiishika plagi ya nyuma, usiamini rangi za waya. Mafundi wengi wamezoea kwamba njano ni ya kudumu, nyekundu ni ya ufunguo na nyeusi ni ethi, lakini waya za kiwandani za gari la Ulaya la miaka ile hazilazimiki kufuata rangi hizo, na huwezi kujua nani aliwahi kuzikata na kuziunga. Ikiwa plagi ni ya kiwango cha ISO, yaani mpangilio wa kimataifa wa plagi za redio za magari, nafasi ya 4 kwenye kundi la umeme ni ya kudumu, ya 7 ni ya ufunguo, ya 5 ni ya antena na ya 8 ni ethi, ila katika baadhi ya magari ya Ulaya ya 4 na ya 7 zimebadilishana, na hilo pekee linatosha kuleta ugonjwa ulio nao. Pima kwa mita: ufunguo ukiwa mfukoni, waya wa kudumu unatakiwa uonyeshe volti zilezile za betri, yaani takriban 12.4 hadi 12.6 kwa betri yenye afya.

Lakini kipimo hicho hakitoshi, na hapa ndipo wengi wanapoponyokwa. Waya uliolika mpaka ukabakiwa na uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti 12 kamili kwenye mita, kwa sababu mita haivuti umeme wa maana, ila ukiutwika mzigo unaanguka. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, ambayo huvuta karibu ampea 1.75, iunganishe kati ya waya wa kudumu na ethi ya plagi, kisha upime volti balbu ikiwa inawaka. Zikipungua zaidi ya nusu volti ukilinganisha na zilizoko kwenye betri, kuna kizuizi njiani. Halafu pima kati ya ethi ya plagi na kichwa cha hasi cha betri, balbu ikiwa bado inawaka. Ukiona zaidi ya volti 0.2, ethi ni mbovu, na redio inayozima kwenye makorongo ya barabara na kurudi mara nyingi inateswa na ethi au fyuzi iliyolegea.

Kuhusu fyuzi, Mercedes za kizazi chako zinatumia zile za mtindo wa zamani wa Kijerumani, vijiti vidogo vyenye ncha zilizochongoka vilivyobanwa kati ya vibano viwili vya shaba. Boksi lake liko chini ya boneti, ndani ya kasha lenye mfuniko, na ndani ya mfuniko kuna jedwali la kazi za kila fyuzi. Fyuzi hizi zina tabia ya kuonekana nzima ilhali ncha zake zimefanya kutu, hasa zile za aluminiamu. Zima kila kitu, toa ufunguo, kisha izungushe kila fyuzi kwa vidole mara kadhaa palepale ilipo ili isugue kutu yake. Ukiweza, badilisha zote ziwe za shaba, za ampea zilezile. Nyeupe ni ampea 8, nyekundu ni 16 na bluu ni 25, wala usikubali nyekundu iwekwe panapotakiwa nyeupe eti kwa sababu nyeupe inaungua. Ikiungua, kuna sababu yake.

Kama umeme haukatwi na mtu na waya ni nzima, lakini betri yenyewe inaamka dhaifu, basi kuna kitu kinachokunywa umeme usiku, na mtuhumiwa wangu wa kwanza ni hiyo mota ya antena uliyoitaja. Mota ambayo haifiki mwisho wa safari yake huweza kuendelea kujaribu, na mtu akiwa mbali na gari hasikii. Ampea nusu kwa saa 12 ni ampea-saa 6, ambazo betri nzuri itazivumilia kwa usiku mmoja, ila gari likilala tangu Ijumaa jioni hadi Jumapili jioni zinafika 24, na hapo betri ya ampea-saa 60 imeshapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Ili kupima, weka mita ya ampea kati ya kichwa cha hasi cha betri na waya wake, milango yote ikiwa imefungwa, na usijaribu kuwasha injini mita ikiwa hapo, kwani utaiunguza. Gari la mwaka 1990 likishatulia linatakiwa lionyeshe chini ya miliampea 50. Likionyesha zaidi, chomoa plagi ya mota ya antena kwenye buti na uangalie kama namba inashuka. Kadi ya namba ya siri iwe karibu, maana kipimo hiki chenyewe kitaizima redio.

Tukifika kwenye upokeaji wa stesheni, kwanza niondoe dhana moja. Wengi hapa Arusha na Moshi wanaamini kwamba redio za zamani "hazishiki FM za Tanzania". Hilo ni kweli kwa magari yaliyotoka Japani, kwa sababu redio za miaka ile zilizotengenezwa kwa soko la huko husikiliza masafa ya megahezi 76 hadi 90, wakati stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108, na ndiyo maana wenye Crown na Mark II hufunga kile kiboksi cha kubadilisha masafa. Becker iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya inasikiliza 87.5 hadi 108 bila msaada wowote. Akitokea mtu wa kukufungia kiboksi hicho kwenye Becker, atakuharibia zaidi. Hakikisha tu kwamba umechagua bendi iliyoandikwa U, ambayo ndiyo FM kwa Wajerumani. L, M na K ni za masafa marefu, ya kati na mafupi, na ukiwa huko mara nyingi utakuta mkoromo mtupu.

Jambo la pili ni kile kitufe nilichokitaja mwanzoni. Tangu mwaka 1974 Ujerumani ilikuwa na mfumo wa taarifa za barabarani uitwao ARI, ambapo stesheni zilizotangaza hali ya foleni na ajali zilirusha alama maalumu pamoja na matangazo yao, na redio za magari ziliwekewa kitufe cha kuitambua alama hiyo. Kitufe hicho kinapokuwa kimewashwa, redio ikitafuta yenyewe husimama tu kwenye stesheni yenye alama, na redio nyingine hunyamaza au kulia zinapoikosa alama hiyo. Hapa kwetu hakuna stesheni inayorusha alama ya ARI, kwa hiyo redio itazunguka kutoka mwanzo wa bendi hadi mwisho na kurudi, bila kusimama popote, ikiwa nzima kabisa. Angalia uso wa redio yako kama kuna kitufe chenye maandishi ARI au TP na kama taa yake inawaka, ukizime, kisha ujaribu tena. Kuna redio pia zenye ngazi mbili za utafutaji, moja ya stesheni zenye nguvu tu na nyingine ya zote. Ikiwa yako inayo, iweke kwenye ile ya zote.

Baada ya hapo pima antena, kwa njia ambayo haigharimu kitu. Chomoa plagi ya antena nyuma ya redio, chukua waya wa kawaida wenye urefu wa sentimita 75 hivi, uchomeke ncha yake kwenye tundu la katikati pekee bila kugusa chuma cha pembeni, na uutoe nje kupitia dirishani ukiwa umenyooka kwenda juu. Urefu huo haukuchaguliwa ovyo: wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na robo yake ndiyo hiyo 75. Fanya jaribio hili gari likiwa limesimama mahali pa wazi, injini ikiwa imezimwa. Stesheni zikijaa, umeshapata jibu, kwamba redio ni nzima na antena ndiyo mgonjwa. Zisipobadilika, ndipo nitaanza kushuku sehemu ya upokeaji iliyo ndani ya redio.

Kwa jinsi ulivyoeleza, natarajia zijae. Antena ya kujipandisha ya Mercedes za wakati huo ina kamba ya nailoni yenye meno, ambayo mota huisukuma ili kuinua vipande vya antena kimoja baada ya kingine. Vumbi letu jekundu likichanganyika na grisi aliyoipaka fundi kwa nia njema hugeuka kuwa msasa, vipande vinakwama, mota inanguruma, na siku moja meno ya kamba yanakatika. Antena iliyopanda nusu inapokea nusu, na vipande vyenye kutu havipitishani mawimbi vizuri. Mtu aivute antena kwa mkono taratibu wakati mota inaipandisha, aifute kila kipande kwa kitambaa kisafi chenye mafuta mepesi kidogo sana, kisha aikaushe. Grisi nzito isikaribie. Ikiwa kamba imekatika, mara nyingi antena na kamba yake huuzwa pamoja bila mota, kwa hiyo usikubali kununua mota nzima kabla ya kuona kilichovunjika.

Ukiwa hapo kwenye buti, tafuta mpira mwembamba unaotoka chini ya mota kwenda nje ya bodi. Huo ni wa kutolea maji ya mvua yanayoingia kupitia tundu la antena, na ukiziba, maji ya masika hukaa ndani ya mota mpaka iozee humo. Uzibue kwa waya laini. Sehemu ya juu, pale antena inapobana kwenye bodi, ndipo ilipo ethi yake. Fungua nati, sugua rangi na kutu mpaka uone chuma, kisha ubane tena. Pima kwa mita kati ya chuma cha pembeni cha plagi ya antena na bodi ya gari, ambapo inatakiwa isizidi omu 1, na kati ya pini ya katikati na chuma hicho cha pembeni, ambapo pasiwe na mawasiliano kabisa.

Mkoromo nao una vyanzo vingine ambavyo havihusiani na antena wala redio. Chaja za simu za bei rahisi zinazochomekwa kwenye kiwashio cha sigara zinavuruga FM vibaya sana, na taa za LED zilizofungwa badala ya balbu za kawaida zinafanya hivyohivyo. Chomoa chaja, zima taa, usikilize tofauti. Mlio mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na mzunguko wa injini unatoka kwenye alteneta au ethi ya injini. Tena, usisahau milima. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo stesheni inayosikika safi Moshi mjini inaweza kupotea ukizunguka miteremko ya Kilimanjaro kuelekea Rombo, na kwenye barabara ya Arusha stesheni za mji mmoja hudhoofika kadiri Boma Ng'ombe inavyobaki nyuma, mpaka za mji wa pili zishike. Ulinganisho wa haki ni kuweka gari lako kando ya gari lingine lenye redio nzuri, mahali pamoja na kwa stesheni moja.

Spika ya kushoto haihitaji maneno mengi. Redio ikiwa imetolewa, badilishana waya za spika ya mbele kulia na za kushoto kwenye plagi. Ukimya ukihamia kulia, redio ndiyo yenye kasoro. Ukibaki kushoto, ni spika, waya wake, au kigawanya sauti cha pembeni kama kipo. Spika ya omu 4 hupima kati ya 3 na 4 kwenye mita, na ukiigusisha betri ya tochi ya volti 1.5 kwa sekunde moja, ikiwa imechomolewa kwenye redio, inatakiwa itoe mlio wa "tap". Spika za mbele za gari hili ziko juu ya dashibodi, chini ya kioo, ambako jua la Moshi huzikausha karatasi na pindo zake mpaka zipasuke, kwa hiyo sitashangaa ukiikuta imekatika tu. Kama gari lako lina kitufe cha pembeni cha kugawa sauti kati ya mbele na nyuma, kizungushe mwanzo hadi mwisho mara nyingi kabla ya kununua chochote, kwa kuwa kikifanya kutu ndani hukata spika moja au mbili na kumfanya mtu aamini zimekufa.

Ikiwa hayo yote yako sawa na bado kuna shida, hapo ndipo kasha lifunguliwe, na lifunguliwe na fundi wa redio mwenye meza na pasi ya kulehemu, wala si na fundi wa umeme wa magari anayefanya kazi ameinama ndani ya gari. Aiunganishe mezani kwa umeme wa volti 12 wenye fyuzi, spika moja ya omu 4, na ule waya wa sentimita 75. Aangalie kwanza maungo ya risasi kwenye pini za plagi ya nyuma na kwenye vipuri vinavyopata moto, yaani amplifaya na vidhibiti vya umeme vilivyobanwa kwenye chuma, kwa sababu miaka ya mtikisiko huyapasua kwa ufa mwembamba wa mviringo unaoonekana kwa kioo cha kukuzia. Hiyo ingekuwa sababu ya pili ya redio kuzima barabarani. Ayalehemu upya kwa risasi ya aina ya zamani yenye madini ya risasi, inayoyeyuka kwenye nyuzi 183, kwani ndiyo iliyotumika kiwandani wakati huo. Kapasita zilizovimba au kuvuja zibadilishwe kwa za mikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi kidogo, zinazostahimili nyuzi 105, na chanya na hasi zisigeuzwe. Kitufe cha sauti kinapuliziwa dawa ya kusafishia vifaa vya elektroniki, ile inayokauka, kisha kinazungushwa mara nyingi. Petroli na thina, ambazo baadhi ya mafundi wetu wanazipenda mno, zitayeyusha plastiki na kufuta maandishi ya vitufe.

Aangalie pia swichi ndogo inayoiambia redio kwamba kaseti imeingia. Ikikwama, redio huhamia upande wa kaseti na kunyamaza, na mtu hudhani amplifaya imekufa. Mikanda ya mpira ya kaseti yenyewe kwa umri huu itakuwa imelegea au kuyeyuka, na kuibadilisha ni kazi ya hiari.

Kuhusu Android, simkatazi mtu kupenda skrini, ila kwa gari hili nina pingamizi la vipimo. Nafasi ya redio kwenye dashibodi yako ni ya kiwango cha DIN moja, milimita 180 kwa 50, na skrini kubwa inahitaji kimo mara mbili ya hicho, maana yake dashibodi na mbao zake zitakatwa, na zikishakatwa hazirudi. Zaidi ya hapo, amplifaya nyingi za kisasa hazikubali waya za hasi za spika ziunganishwe pamoja au ziguse bodi, jambo ambalo mifumo ya zamani yenye kigawanya sauti cha pembeni huweza kuwa nalo, kwa hiyo redio mpya inaweza kuungua siku ya kwanza. Kama unachotaka ni kusikiliza muziki wa simu, kaseti bandia yenye waya au bluetooth itafanya kazi mradi mikanda inazunguka. Na ikiwa hata hivyo utaamua kubadilisha, chagua ya DIN moja, mwambie fundi atumie waya wa kuunganishia wa plagi kwa plagi bila kukata plagi ya asili, na Becker uifunge kwenye kitambaa uitunze ndani ya nyumba pamoja na kadi yake.

Anza na lile jaribio la jioni na asubuhi, na kile kitufe cha ARI, kwa kuwa hayo mawili hayahitaji hata kutoa redio. Ukiniandikia tena, nitajie redio iliuliza namba wakati gani hasa, volti ulizosoma kwenye plagi balbu ikiwa inawaka, miliampea za gari lililolala, na kama stesheni zilijaa kwa waya wa sentimita 75; nikiwa na hayo manne nitaweza kukuambia kama kasha linahitaji kufunguliwa.